Pima Mwanga, Usipime Nguo

Siku hizi haliishi juma bila kijana kubisha mlango wangu hapa Garsen, mkononi kamera ya filamu aliyoikuta kwenye sanduku la babu yake. Anaibeba kama yai la mbuni. Akishakunywa chai yangu ananieleza shida yake: kamera inabonyea vizuri, filamu ameshaagiza, ila kile kipimo cha mwanga kilichokuwa ndani ya kamera kimekufa zamani. "Mama Picha," anasema, "ninunue kipimo gani cha mkononi, kisicho cha bei kali?"

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na majani ya chai nayo hununuliwa. Kwa hiyo nawaandikia wote pamoja. Someni mwanzo hadi mwisho, msije mkaruka mkatafuta tu jina la kifaa, maana jina sitalitaja. Nitawaambia namna ya kukichagua, na nitawaambia habari ya picha moja tuliyoipiga Kau, mimi na mjukuu wangu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi nilizaliwa Kipini nikaolewa Garsen, na kazi yangu yote niliifanya katika studio ya Mzee Komora, Mpokomo wa Kinakomba aliyekuwa na mikono mipana ya mkulima na subira ya mtu mwenye njaa. Aliniajiri kwa sababu moja tu. Wanawake hawakutaka kufunua uso mbele yake. Mama wa Kiorma aliingia, akaziona sharubu za Mzee Komora, akageuza njia. Mama wa Kiswahili hata mlangoni hakufika. Basi nikachukuliwa mimi niwe wa chumba cha ndani. Nilidhani nitakuwa mshika pazia, kumbe ndimo nitakamozeekea.

Filamu si simu, wanangu. Simu ikikosea unafuta unapiga tena. Filamu ikipewa mwanga mdogo inabaki tupu, ikipewa mwingi inaungua, nawe hujui lolote mpaka watu wametawanyika na sufuria za pilau zimeshaoshwa. Kipimo kinakwambia mambo mawili: ufungue tundu la lenzi kiasi gani, na uliache wazi kwa muda gani. Hayo tu. Lakini kabla hujakitolea pesa, ujue kwamba kina ujinga wake, na kwetu huku ujinga huo unauma kuliko kwingine.

Ukikielekeza kwa mtu, kinapima mwanga unaoruka kutoka mwilini mwake, na kinaamini kwamba kila kitu duniani kina rangi ya jivu. Kielekeze kwa mwanamume mwenye kanzu nyeupe. Kitasema hapa pana mwanga mwingi mno, bana tundu. Kanzu itatoka ya kijivu na uso wa mwenye kanzu utatoka mweusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Sasa kielekeze kwa mkewe mwenye buibui. Kitaona giza kikuamuru ufungue, na buibui litatoka la kijivu, uso utafifia mpaka mtu ajitafute mwenyewe. Fikirieni basi mji ambao siku ya Idi nusu ya wateja wamevaa nyeupe tupu na nusu nyeusi tupu, na wote wanataka picha ya kuweka sebuleni.

Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja mfanyabiashara wa ng'ombe na mke wake, wakasimama bega kwa bega. Nilipima kwa makini sana, kifaa nimekielekeza kifuani kwa bwana. Walipokuja kuchukua picha, yule bwana aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mama," akasema, "mimi nililipia picha ya watu wawili. Hapa naona kanzu na jini."

Mzee Komora alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanipeleka uani, akanifungua kiganja cha mkono juani.

"Wewe umepima nguo," akaniambia. "Nguo haikuja kupigwa picha. Tazama hiki. Kiganja cha Mpokomo, kiganja cha Msomali, kiganja cha Mwarabu, vyote karibu ni rangi moja. Pima hapo."

Hiyo ndiyo mbinu ya bure ninayowapa leo. Kama kipimo chako ni cha kuelekeza tu, usikielekeze kwa nguo. Fungua kiganja mahali mtu alipo, kigeuze kipate mwanga uleule unaomfikia usoni, sogeza kifaa karibu bila kujitia kivuli, usome. Kisha ufungue tundu hatua moja zaidi, kwa kuwa kiganja kimelizidi jivu kidogo kwa weupe. Nimewapiga maharusi wengi kwa kiganja changu mwenyewe, na hakuna aliyerudi na jini.

Ila kama unanunua sasa, tafuta kipimo chenye kofia nyeupe, kijidude cha plastiki kilichofura mithili ya nusu ya ganda la yai. Hicho hukielekezi kwa mtu. Unakiweka karibu na uso wake, kikitazama kamera, na kinapima mwanga unaomfikia badala ya unaomtoka. Avae kanzu, avae buibui, avae gunia, hakijali.

Sasa niwaeleze habari ya Zuhura.

Zuhura ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, na kazi hii ameirithi bila mimi kumwita. Alianza kwa kuniomba kamera yangu ya zamani aiweke tu iwe pambo chumbani. Kidogo kidogo akaitia filamu. Siku nilipomkuta amejifungia bafuni anaosha filamu huku amefuata maelezo ya mtu wa mtandaoni, nilimfukuza, kisha nikamrudisha nikamfundisha sawasawa.

Kipimo hakuwa nacho. Alikuwa na programu kwenye simu.

"Bibi, si hii tu inatosha?" akanionyesha. "Naielekeza, inanipa namba. Hizo vitu zingine ni za kitambo."

Na nisiwe mchoyo wa haki: programu ya simu si mbaya. Anayeanza, anayepiga picha za mbuzi na mto na rafiki zake, aitumie kwanza kabla ya kutoa hata shilingi. Inapima kwa kuelekeza, kwa hiyo naye atumie kiganja. Mimi mwenyewe ningemwachia Zuhura simu yake, kama isingekuja habari ya arusi ya Kau.

Bibi arusi alikuwa Amina, binti wa jamaa zetu wa kule. Dada yake mkubwa alipoolewa, kuna mtu alimpiga picha kwa simu ndani ya chumba cha wanawake, nywele wazi, hina imepanda mpaka mabegani. Picha ikatoka simu hii ikaingia simu ile, hadi mwanamume mmoja sokoni akamsimulia mume wa yule binti maua aliyochorwa mkewe. Nyumba ile ilitikisika. Mama yao akaapa kwamba kwa Amina simu haitavuka kizingiti, na picha zitapigwa kwa filamu, na filamu zenyewe atakabidhiwa Amina mkononi zikishaoshwa. Filamu haitumwi kwa WhatsApp.

Juu ya hilo palikuwa na Bi Rukia, bibi mzaa mama wa Amina. Maisha yake yote alikuwa akikataa kupigwa picha, ukiacha ile ya kitambulisho ambayo mwenyewe anaiita picha ya polisi. Miguu imemchoka, hasafiri tena. Amina naye alikuwa anamfuata mume wake mbali, nje ya nchi, na hakuna ajuaye angerudi lini. Alimlilia bibi yake wapigwe pamoja. Bi Rukia aliposikia hakuna simu, na mpiga picha ni mwanamke, akakubali. Sharti lake ni kwamba atakaa kitako mara moja, na akishainuka ameinuka.

Mnaona mzigo aliotwikwa mtoto. Kikao kimoja, filamu ambayo haionekani mpaka ioshwe. Zuhura akikosea, Amina anaondoka bila uso wa bibi yake.

"Simu nitaingia nayo ya kupimia tu, Bibi," akaniambia. "Siyo ya kupiga."

"Mpigie mama Amina umweleze hivyo."

Akampigia. Alipokata simu alikuwa amenyong'onyea. "Amesema hata iwe ya kupimia homa, haiingii."

Basi tukaenda kwa Abdi.

Abdi ni mtu wa Bangale mwenye duka hapa Garsen. Anauza redio, saa, chaja, tochi, na nyuma ya hivyo ana droo za vikorokoro anavyovinunua kwa jumla Mombasa bila kujua vingine ni vya nini. Mzee Komora alipofariki na studio ikafungwa, vitu vyake vingi viliishia katika droo hizo.

"Mama Picha! Karibu. Mimi iko na hiyo kitu ya mwanga tatu. Yote mzuri."

"Yote mzuri maana yake hujajaribu hata kimoja."

"Wewe jaribu. Mimi nakaa hapa nangoja pesa."

Cha kwanza kilikuwa cha aina isiyotumia betri, kile ambacho uso wake una vijichumba kama sega la nyuki. Mwanga wenyewe ndio unaosukuma mshale. Ni kipimo kizuri kwa mtu asiye na hela, na kikiwa kizima kinakuzika. Lakini kinakufa kimyakimya. Kifunike kwa mkono, mshale ulale kabisa. Kifunue juani, uinuke upesi. Hiki cha Abdi kilikuwa kimewekwa dirishani kikitazama barabara miaka nenda miaka rudi, na jua ndilo linalokichosha. Nilipokifunua, mshale uliinuka kivivu kama mzee aliyeitwa shambani, ukaishia njiani. Mkiambiwa kinauzwa, ulizeni kilikuwa kinahifadhiwa wapi. Kilicholala ndani ya mkoba wake gizani ndicho cha kununua.

Cha pili kilimtoa Zuhura udenda. Mkoba wa ngozi, kamba ya kuvaa shingoni, maandishi ya dhahabu. Nikamwambia afungue mlango wa betri. Ndani mlikuwa na kutu ya kijani, na betri iliyoandikwa humo ni ya aina iliyoacha kutengenezwa. Watu wa mjini wana njia zao za kuzungukia hilo, lakini mimi nawaambia hivi: usinunue kipimo ambacho betri yake huwezi kuipata katika duka unalolifikia kwa miguu. Rahisi huwa ghali.

Cha tatu kilikuwa na sura mbaya. Plastiki imechubuka, kioo kina mikwaruzo, lakini kinatumia betri za redio, na kina kofia nyeupe ya kusukuma kando ukitaka kuelekeza.

"Hiyo sura yake kidogo mbaya," Abdi akasema, "lakini roho yake safi."

Tulikitoa nje. Sikilizeni jaribio hili, halihitaji kifaa kingine. Adhuhuri, jua wazi, hakuna wingu: tundu la kumi na sita, na kasi, yaani sehemu ya sekunde, ikaribiane na namba iliyoandikwa kwenye filamu yako; namba ya tundu na ya kasi zikipanda, mwanga unaoingia unapungua. Filamu ya mia nne, kasi ya mia tano au karibu na hapo. Jua la Tana halijawahi kuniongopea katika hili. Kipimo kikitofautiana nalo kidogo, na tofauti ikawa ileile kila mara, unaweza kuishi nacho, kama saa unayojua inatangulia. Kikitofautiana leo hivi na kesho vile, mrudishie mwenyewe.

Wanunuzi wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoliwa. Kipimo cha bei ndogo kinaweza kuwa hodari juani na kipofu chumbani, na arusi hazifanywi juani. Nikamwambia Abdi atuingize stoo. Tulisimama nyuma ya magunia ya sukari, Zuhura akabonyeza, na namba ikatokea. Akasogea pembeni zaidi, ikabadilika ikashuka inavyotakiwa. Ukikuta kifaa kinachokupa namba ileile kila pembe ya giza, au kinachonyamaza, kiache.

Vile vidogo vipya vya kupachika juu ya kamera navyo Zuhura aliniuliza. Ni vyepesi, vinafaa kwa barabarani na sokoni, lakini vingi havina kofia nyeupe. Kwa bibi mwenye buibui na bibi arusi mwenye gauni jeupe kwenye kitanda kimoja, havikuwa vya kwetu.

Tulikuwa tayari kutoa bei ya mbuzi wa wastani. Abdi alitaka ya mbuzi mwenye mimba. Walipatana na Zuhura huku mimi nimekaa nje, maana binti huyo ana ulimi wa sokoni ambao sijui aliutoa wapi. Nyumbani tukakitia ndani ya mkebe wenye kifuniko na mchele mkavu chini yake, kwa sababu unyevu wa kule mtoni hula vifaa kama mchwa. Fanyeni hivyo nanyi, na mchele msiupike baadaye.

Hapa lazima niwaeleze habari ya macho yangu, ambayo yameingia katika kisa hiki bila kualikwa.

Miaka ya mwisho ya kazi nilikuwa sihitaji kipimo. Naingia chumbani, natazama ukuta, namba zinanijia kichwani. Watu walinisifu, nami sikuwakataza. Kisha mtoto wa jicho akaanza kunifunika polepole, dunia ikawa ya rangi ya maziwa yaliyolala, mpaka nikawa naulizia nyuso za watu kwa sauti zao. Mwaka huo wa arusi nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji. Walipofungua bandeji nililia. Shuka lilikuwa jeupe, jeupe la kweli. Nilirudi Garsen nikitembea kama msichana, na nikaamini jicho langu limerudi kazini.

Tulikwenda hadi Kipini kwa gari, na kutoka hapo tukapanda mto kwa mtumbwi mpaka Kau, mkebe wa mchele mapajani kwa Zuhura njia nzima. Mlangoni kwa kina Amina alisimama shangazi mtu na pakacha, na kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo. Zuhura alitumbukiza yake. Kile kipimo chetu kiligeuzwageuzwa na wanawake, kikanuswa, kikaulizwa kama kina kamera ndani, ndipo kikaruhusiwa.

Chumba kilijaa wanawake na udi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa leso ili mtu asichungulie, na mwanga ulipenya kwa kupenyeza. Amina alikaa kitandani na gauni lake jeupe. Bi Rukia akaletwa, ameshikwa huku na huku, buibui lake hakulivua, alifunua uso tu. Akaketi kando ya mjukuu wake.

"Ntaketi mara moya," akatukumbusha. "Ya pili simo."

Zuhura akamsogelea, akapiga goti. "Shikamoo, Bibi. Naomba niweke hiki karibu na shavu lako."

"Chauma?"

"Hakiumi. Kinauliza kama mwanga umefika usoni mwako."

"Kiambie umechelewa," Bi Rukia akasema, na wanawake wakaangua kicheko. Huo ndio uso niliotamani filamu iushike.

Nilisikia Zuhura akijisomea kwa sauti ya chini: tundu la pili, kasi ya sitini. Mimi nilikuwa nimekalia kigoda pembeni. Nikatazama chumba kwa macho yangu mapya. Leso zilikuwa zinawaka rangi, gauni lilikuwa linang'aa kama bati jipya, na namba zikanijia kichwani kama zamani. Sikusubiri kuulizwa.

"Zuhura! Hapa pana mwanga tele. Tundu la nne, kasi ya mia na ishirini na tano."

Wanawake wakanigeukia. Chumbani mle wengi niliwapiga picha za arusi zao mimi. Mmoja akasema, "Penye wazee haliharibiki neno," na wengine wakaitikia.

Zuhura alikitazama kipimo, akanitazama mimi. Kati ya namba zake na zangu palikuwa na hatua tatu, na kila hatua ni nusu ya mwanga. Filamu haiwezi kusamehe hivyo. Alijua. Bi Rukia alikuwa anaanza kutafuta fimbo yake kwa mkono.

"Ndiyo, Bibi," akaniambia. Akazungusha lenzi, akazungusha kitufe cha kasi, akapiga. Kisha nikasikia akivuta filamu na kupiga tena, na tena, na Bi Rukia akasema sasa yatosha, akainuliwa. Nilikaa kwenye kigoda changu nimeridhika. Niliwaza: mtoto huyu nimemlea vizuri, anasikia.

Filamu tuliiosha kwangu. Nieleze na hilo kidogo, maana mtaniuliza. Maji ya Tana yana tope, hata yakitulia kwenye mtungi siku nzima bado yana punje usizoziona, na punje hukwaruza filamu ikiwa laini. Yachuje kwa kitambaa kizito, na suuza ya mwisho itumie maji ya mvua kama umekinga. Zuhura alifanya kazi yote peke yake, mimi nilikaa mlangoni nikimpa maneno asiyoyahitaji. Alipomaliza akautundika ule ukanda dirishani, na mimi nikausogelea kwa macho yangu mapya.

Katika filamu iliyooshwa mambo yako kinyume, mnajua: palipokuwa na mwanga panakuwa na weusi. Nilimwona Bi Rukia, uso wake umejaa, kila mkunjo uko mahali pake. Nilimwona Amina amemwegemea. Picha baada ya picha, zote nono. Ila ya kwanza ya kikao kile ilikuwa tupu. Ilikuwa nyangavu kama kioo cha dirisha, na kivuli kidogo tu palipokuwa na gauni.

"Hii nini?" nikamuuliza. "Ilikuponyoka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi umekosea wapi?"

Alikuwa anakamua kitambaa cha kuchujia maji. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ni ya heshima, Bibi. Hizo zinazofuata ni za kipimo."

Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakalia ndoo. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikaelewa yote mara moja. Miaka yote ile ukungu uliponikua jichoni, mazoea yangu yalikuwa yanajirekebisha nao bila mimi kujua. Ukungu ulipoondolewa, jicho likawa jipya, lakini mazoea yalibaki ya jicho la zamani. Chumba cha giza nilikiona mchana. Ningekuwa mimi niliyeshika kamera siku ile, Amina angepanda ndege na kioo cha dirisha.

"Kwa nini hukunijibu palepale?"

"Mbele ya wale wamama wote?" Akatundika kitambaa. "Filamu ilikuwa na nafasi ya kutosha."

Na aibu ile, wanangu, ilinikalia muda mfupi tu. Baadaye nilijaa furaha hata nikashindwa kunywa chai.

Bi Rukia alipelekewa picha yake kabla Amina hajaondoka. Aliisogeza karibu na uso, akaupapasa uso wake mwenyewe pichani kwa ncha ya kidole. Alikuwa hana picha ya mtu yeyote wa kwao wa zamani.

"Huyu ni mamangu," akasema. "Wallahi! Ndiye mamangu huyu."

Nyingine iko na Amina, ndani ya sanduku lake la nguo, ng'ambo huko. Filamu zote alikabidhiwa mkononi kama mama yake alivyoapa. Nilimwomba moja tu, ile tupu. Aliiinua juu akaitazama kwa mwanga wa mlangoni, akacheka. "Chukua, Bibi. Humu hata mwizi hapati uso wa kuiba." Nikaikata, nikaisafisha kwenye karatasi, ikatoka nyeusi kote, na doa la kijivu palipokuwa na gauni.

Iko ukutani, juu ya kiti mnachokalia mkija kunywa chai yangu. Wengi wenu mmeiona mkadhani ni ukungu wa ukuta. Nunueni kipimo chenye kofia nyeupe na betri za redio, mkijaribu juani na gizani, mkitunze kwenye mchele. Mkija tena msiniulize ile picha ni ya nani. Hakuna uso unaoonekana humo, lakini mimi kila nikiitazama namwona Zuhura.